Hakuna Aliyeniambia Pole

Simu ile ilinikuta nimeinamia cherehani, nakunja pindo la gauni la mteja aliyesema atalifuata mchana. Ilikuwa Juni 2022, saa nne asubuhi, hapa Morogoro. Namba ngeni. Nikaibana simu kati ya bega na sikio, mikono ikabaki kwenye kitambaa. Sauti ya mwanamume ikauliza kama anaongea na fulani, akataja majina yangu yote matatu, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayesoma kwenye karatasi. Jina langu nililorithi kwa bibi mzaa baba, jina la baba, jina la babu. Nikajibu, "Ndiyo, ni mimi." Niliitika kwa wepesi tu, bila kufikiri. Tangu siku ile sijaweza kuitika hivyo tena.

Alikuwa askari. Alisema ninahitajika kituoni, kuna laini iliyosajiliwa kwa jina langu imetumika kumtapeli mtu wa Singida shilingi 480,000. Nikamwomba anitajie hiyo namba. Akaitaja. Nikamwambia siifahamu, sijawahi kuwa nayo. Akasema, "Njoo, utayaeleza huku huku."

Kila mwenye simu Tanzania ameshaupata ule ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii. Hautumwi kwa mtu mmoja. Unatupwa kama wavu, na unamnasa yule ambaye siku hiyo kweli alikuwa na hela ya kumtumia mtu. Bwana yule wa Singida alikuwa ananunua alizeti, ulikuwa msimu wa mavuno, na dalali wake alikuwa anasubiri malipo. Ujumbe ukaingia wakati huohuo. Akaingiza namba aliyopewa, na simu ikamwonyesha jina la mpokeaji ili ahakikishe kabla ya kuweka namba ya siri. Likatokea jina langu. Akaona ni la mwanamke, akadhani ni mke wa dalali, akathibitisha.

Mwizi hakuchukua hata senti tano yangu. Alisimama nyuma ya jina langu kama mtu anayejificha nyuma ya mlango wa nyumba ya mwenzake, akatoa mkono nje, akapokea. Jina liliwekwa pale ili mtumaji apate imani, na alipata. Miaka yote niliyolitunza jina hilo, kurudisha chenji iliyozidi, kumaliza nguo za watu kwa tarehe niliyoahidi, yote ilikwenda kumfanyia kazi mtu nisiyemjua.

Kituoni niliandika maelezo, kaka yangu akaja kunidhamini. Mpelelezi hakunitukana wala kunigusa, niseme ukweli. Lakini aliniuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, laini hiyo nilimpa nani. Hakuuliza nani alinichukulia. Kisha akampigia yule bwana, akaweka sauti juu, akamwambia mwenye jina amepatikana. Kukawa kimya kidogo, halafu nikasikia sauti ya mtu mzima, ya upole kabisa: "Dada yangu, nirudishie tu hela yangu. Sitakushtaki."

Angenitukana ningejibu. Upole ule sikuwa na pa kuupeleka.

Usiku nilikaa kitandani nikarudi nyuma, siku kwa siku, kutafuta nilipoliachia jina. Nikafika Januari 2020. Mtakumbuka hekaheka ile. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukawekwa tarehe 31 Desemba, kisha Rais Magufuli, alipokuwa Chato anasajili laini yake, akaongeza siku 20. Ikawa mwisho tarehe 20 Januari. Mimi nilikwenda siku zile za mwisho. Vijana wa usajili walikuwa wamekaa chini ya miavuli barabarani, foleni imezunguka hadi kwenye kivuli cha mwembe. Nilimpa kijana namba yangu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, akanielekeza niweke dole gumba kwenye kile kimashine kidogo chenye mwanga. Nikaweka. Akatazama simu yake, akasema, "Haijasoma, mama. Weka tena." Nikaweka tena. "Haijasoma." Akanipa kitambaa nifute jasho. Nikaweka mara ya tatu, na ya nne.

Nilimwamini, na nilikuwa na sababu. Vidole vyangu ni vya fundi. Dole gumba la kulia lina vijitundu vya sindano na ngozi yake imekufa kwa miaka ya kusukuma kitambaa. Wengi tulikuwa hivyo pale kwenye foleni: wakulima, kina mama wanaofua nguo za watu, mafundi ujenzi, mashine inawakataa kwa sababu kazi imekula alama zao. Nilimwona mzee mmoja akilazwa vidole kumi vyote, kimoja kimoja, na vyote vikagoma. Kwa hiyo "weka tena" lilikuwa neno la kawaida, na ndani ya neno hilo la kawaida laini ya pili ingeweza kusajiliwa bila mimi kujua. Siwezi kuapa kwamba ni kijana yule. Sina ushahidi. Ninalojua ni kwamba sijawahi kuweka dole langu mara nne mahali pengine popote.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Nililifikiria hilo sana usiku ule. Kuna mtu mahali fulani anayejua siku yangu ya kuzaliwa kuliko wanangu.

Kiswahili chetu kina neno pole, na hatulibanii. Mtu akijikwaa mbele yako unasema pole, ingawa jiwe hukuliweka wewe. Umemkuta jirani anapika kwenye moshi, pole. Ametoka safari, pole na safari. Ameibiwa simu kwenye daladala, mtaa mzima unakuja: pole, mwaya, Mungu atakupa nyingine. Wiki ile nilisubiri neno hilo bila kujua kwamba nalisubiri. Watu walikuja, na walichoniletea ni maswali. Kwani kitambulisho ulimpa nani? Kwani hukuangalia? Mtu anawezaje kusajiliwa laini bila kujua? Hata wifi yangu, ninayempenda, alitikisa kichwa akasema, "Na wewe nawe." Anayeibiwa ng'ombe huulizwa mwizi amepita njia gani. Mimi niliulizwa zizi nililifungaje.

Nafikiri hilo ndilo linaloufanya wizi wa namna hii uumize kwa njia yake. Aliyeibiwa na mwizi wanatumia jina moja, na watu wakinyoosha kidole kwa mwizi kinaishia kwako. Huwezi kulia kama aliyeibiwa kwa sababu bado hujamaliza kujitetea kama mtuhumiwa.

Lililonivunja kabisa lilikuwa la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana. Wanaojua vikoba wanajua sanduku letu: la bati, lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti ili mmoja peke yake asiweze kulifungua. Nilishika ufunguo wa kufuli la katikati kwa miaka sita. Niliuvaa shingoni kwa uzi mweusi, naulala nao. Jumamosi iliyofuata nilifika mapema kama kawaida. Mwenyekiti, ambaye ni mama ninayemheshimu, akanivuta pembeni karibu na pipa la maji. Akaniambia wanachama wameona ingekuwa vizuri nipumzike kidogo, mpaka mambo yakae sawa. Hakusema mwizi. Hakusema hawaniamini. Alinyoosha kiganja tu, akasubiri. Uzi ulikuwa umeng'ang'ania nywele za kisogoni, ikabidi anisaidie kuutoa.

Nilikaa kikao chote. Nililipa hisa zangu. Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipoona kwamba ninatembea nimekunja dole gumba ndani ya ngumi. Nilitembea hivyo miezi kadhaa.

Watu hudhani majonzi ya jambo kama hili yako kichwani tu. Mimi yalikaa mwilini. Ujumbe ukiingia, tumbo linakaza kabla sijasoma. Namba ngeni ikipiga, mikono inapata ubaridi, na kwa fundi anayepigiwa na wateja wapya hiyo ni njaa. Nilikuwa nabonyeza *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu mara tano, mara sita kwa siku, na usiku nikiamka. Niliona namba yangu moja tu, ile nyingine ilishafungwa, nikapumua, na baada ya nusu saa sikuamini nilichokiona. Nilianza kuwaza nimeseviwaje kwenye simu za watu. Mteja ambaye alikuwa ananiita fundi, leo ameniandika nani?

Tarehe 23 Agosti mwaka ule ilianza sensa. Karani alifika kwangu jioni, binti mdogo wa mtaa wa pili ambaye nimemshonea sare za shule. Akafungua kishikwambi chake, akaniuliza jina la mkuu wa kaya. Nilitaka kujibu. Midomo ilifunguka, sauti ikagoma kutoka. Mwanangu wa kwanza ndiye aliyejibu akiwa nyuma yangu, akataja majina yangu matatu kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mama yake kutoka shambani. Niliingia chumbani, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Kuna jambo moja ambalo nilikaribia kulifanya. Nilikuwa na 200,000 ya kununua mashine ya kudarizi ya mtumba. Nikaamua kumtumia yule bwana wa Singida, niendelee kulipa kidogokidogo hadi itimie. Nilijiambia ni huruma, na huruma ilikuwepo, maana yule naye alikuwa na familia na msimu wake ulikuwa umeharibika. Lakini chini ya huruma palikuwa na kitu kingine: nilitaka kununua usingizi. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ukilipa deni la mwizi, umekubali kuwa yeye." Nikakasirika. Nilimwona hana utu. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba mama alikuwa analinda jina la mama mkwe wake, ambalo ndilo nililopewa.

Sikutuma. Mpaka leo kuna siku nafikiri ningetuma. Sijalimaliza jambo hili moyoni, na sitajifanya nimelimaliza.

Niseme yaliyonisaidia, kwa sababu kuna anayesoma hapa usiku huu akiwa amekunja dole gumba.

La kwanza lilikuwa daftari, la kawaida, la mistari, lenye picha ya mnyama kwenye jalada. Rafiki yangu ambaye ni muuguzi ndiye aliyenishauri. Aliniambia kichwa kinazunguka kwa sababu kinaogopa kusahau, kwa hiyo kipe mahali pa kuweka mzigo. Nikaandika tarehe ya simu ile, namba ya RB, ile ya taarifa iliyofunguliwa polisi, siku niliyokwenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu, aliyenihudumia, alichosema, siku laini ilipofungwa. Daftari lilinisaidia kwa wapelelezi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa usiku. Nikianza kuzunguka, nalifungua, nasoma, naona kwamba jambo lina mwanzo na lina ukurasa, na mbele yake kuna kurasa nyeupe. Muuguzi huyohuyo alinitoa simu chumbani. Inalala jikoni juu ya friji. Na *106# akanipangia mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya kwanza, asubuhi, baada ya chai. Wiki za mwanzo ilikuwa kama kufunga bila kula daku. Ikazoeleka.

La pili, mpwa wangu aliye chuoni Mzumbe alinikalisha akanisomea sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inasema kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta ni kosa. Nilimwambia arudie. Sikufarijika kwa sababu nilitarajia mtu akamatwe, na kweli hajakamatwa mtu hadi leo. Nilifarijika kwa sababu kwa mara ya kwanza nililisikia jambo langu likitajwa nami nikiwa upande wa aliyekosewa. Akanieleza pia kuhusu shirika moja la Marekani, Identity Theft Resource Center, ambalo limekuwepo tangu 1999, na ambalo huwauliza walioibiwa utambulisho si hela tu, bali wanalalaje, bado wanamwamini nani, na kama wamewahi kutamani kufa. Huko kuna mtu ameona ni swali la kuuliza! Nilishika mkono wa mtoto yule, sikuweza kusema kitu.

Shangazi yangu aliyeolewa Mombasa aliposikia alinipigia. Kwao, Juni 2021, watu walipoingia kwenye mfumo wa serikali walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Yeye alikuwa mmoja wao. Akasema hakuibiwa hata ndururu, lakini kwa wiki nzima alijiona kama mtu aliyeingiliwa chumbani akiwa amelala. Tuliongea saa nzima. Nilijua basi kwamba sikuwa nimerukwa na akili.

La tatu ni kusema mwenyewe. Mwezi Oktoba nilisimama kikaoni, nikaomba dakika kumi. Nikasimulia kuanzia mwavuli mpaka kituoni, nikaonyesha dole langu, nikawapitishia daftari. Sikuomba ufunguo. Mikono ilitetemeka. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kuja kunikumbatia. Mama mmoja muuza mboga akauliza ile namba ya kuangalia laini ni ipi, na wanawake kumi na wanane wakatoa simu zao. Wawili walikuta namba wasizozijua. Ukimya uliofuata ulikuwa tofauti na ule wa mwezi Juni.

Ufunguo sikurudishiwa mwaka ule. Mzunguko mpya ulipoanza waliniambia niuchukue, nikawaomba ubaki kwa mwenzangu. Sikuwa na kinyongo, au kilikuwepo kidogo. Shingo ilikuwa imezoea wepesi.

Desemba nilimpigia yule bwana wa Singida. Nilikuwa na namba yake tangu siku ya kituoni, imeandikwa ukurasa wa kwanza. Nilipanga kumweleza habari za upelelezi, ambazo hazikuwepo. Alipopokea nikasahau nilichopanga, nikajikuta nasema, "Kaka, pole. Pole kwa hela yako." Ndipo nilipogundua kwamba katika miezi ile yote, nikilalamika kwamba sikupewa neno hilo, nami sikuwa nimempa. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Halafu akasema mvua zimechelewa huku kwao, watu wamepanda mara mbili. Tukaongea habari za mvua.

Mambo yamesogea tangu wakati ule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupeleka malalamiko. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, namba yake unaituma 15040. Nimeyafanya yote hayo na nawafundisha wateja wanaokuja kupimwa nguo, huku nimeshika futi. Kuna siku namfundisha mtu na moyo umetulia. Kuna siku namba ngeni inapiga na nalazimika kukaa chini kwanza.

Mwaka 2024, kabla Benki Kuu ya Tanzania haijatangaza mwezi Novemba ile orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, binti mmoja wa kikoba chetu alikuja kikaoni macho yamevimba. Mtu alikuwa amechukua mkopo wa mtandaoni kwa picha ya kitambulisho chake, na wadai walikuwa wanawatumia ujumbe ndugu zake, mwajiri wake, hata mchungaji wake, kwamba ni tapeli anayekimbia deni. Alipomaliza kusimulia, maswali yakaanza palepale. Picha ulimtumia nani? Kwani simu yako huwa unamwachia nani? Nilimwona anavyojikunja kwenye kiti, anaanza kutafuta majibu, anaanza kujitetea.

Nikasema, "Subirini." Nikainuka, nikaenda kukaa karibu naye. "Pole, mwanangu. Umeibiwa."

Alilia mpaka kikao kikaahirishwa. Jumatatu nilifunga kibanda, nikamsindikiza kituoni. Tulikaa kwenye benchi lilelile la mbao, chini ya bango lilelile, foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimepitia dukani kumnunulia daftari. Nikampa na kalamu. Akaniuliza aanze kuandika nini. Nikamwambia aanze na tarehe ya leo, halafu majina yake yote matatu.